Mfufuka Kwenye Meza ya Zamani

Jina alilopewa na mama yake liliwatoka watu mdomoni siku ile ile mama alipozikwa. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Mfufuka, na wateja wapya walioleta friji zao karakanani walidhani ni jina la ukoo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yao aliugua muda mrefu, akazimika polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Asubuhi ya maziko Mfufuka alipata kidogo cha kumtia nguvu, na kidogo kikamwita mwenzake, kama ilivyo desturi ya kidogo. Alipofika makaburini alikuwa chakari, ila chakari wa kujikaza: shingo wima, macho makavu, anatembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Ulipofika wakati wa kuteremsha jeneza alikataa kukaa kando. "Mimi ndiye mwanawe wa kwanza," alisema. "Kamba nishike mimi." Akasogea ukingoni, udongo mbichi ukamtoka chini ya viatu, naye akamtangulia mama yake kuingia kaburini.

Watu walishika vichwa. Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akaponyokwa na kicheko cha puani, na kicheko, kama mjuavyo, huambukiza kuliko upele. Wakamvuta juu kwa kamba ile ile ya jeneza.

Mdogo wake wa kike, mshona sare za shule, hakupiga kelele. Alimpangusa udongo begani kwa kiganja, kama mtu anayepangusa kiti cha mgeni, akamwambia kwa sauti ndogo, "Leo nimezika wawili." Baada ya hapo hakumpigia simu tena, wala hakupokea yake.

Ungedhani mtu angeacha pombe papo hapo. Wapi! Ndiyo kwanza ilinoga. Pale baa kwa Shangazi kulikuwa na meza ya pembeni, karibu na dirisha, ambako Mfufuka na wenzake walikaa miaka nenda miaka rudi: Dereva wa malori, mwenye tumbo na moyo mkubwa, Rangi, fundi wa kupaka nyumba rangi, ambaye kucha zake hazikuwahi kukosa alama ya kazi, na Mwalimu, mstaafu, aliyekuwa akisahihisha sarufi za walevi wenzake. Hawa walikuwa rafiki wa kweli. Ndio walioshika kamba na kumtoa shimoni. Na ndio walioibeba habari ile mpaka mezani, wakaipamba, wakaisimulia kila alipokuja mgeni, na mgeni akacheka mpaka akaagiza kwa wote. Mfufuka naye alicheka. Hata akajifunza pale pa kunyamaza kidogo kabla ya kusema, "Ndipo nikasikia sauti: we, hii nafasi ina mwenyewe!"

Kilichomwachisha pombe kilimkuta kwa kinyozi. Alikuwa benchini akingoja zamu, na kitini alikaa mtu asiyemjua, povu limemjaa kidevuni, akimsimulia kinyozi kisa cha mlevi mmoja wa mtaa mwingine. Mlevi huyo, alisema, aliingia kaburini kwa mama yake na chupa mkononi, akajilaza, akasema, "Nifunikeni, lakini chupa iacheni nje." Kinyozi alicheka hadi akainua wembe juu asije akamkata mtu. Mfufuka alicheka pia. Alicheka kwa moyo wote, mapaja akiyapiga, na mdomo ulikuwa ungali wazi alipotambua kwamba mlevi huyo ni yeye.

Aliondoka bila kunyolewa. Siku chache baadaye alikwenda zahanati mikono ikimtetemeka, maana alishasikia kuwa mnywaji wa siku nyingi haachi kwa kuruka ukuta, anaweza kuvunjika. Tabibu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimpa dawa za kutuliza mtetemeko, akamwambia aende kila asubuhi amwone. Mwisho wa wiki alimpa wasia. "Usikae na njaa. Usikae na hasira. Na usikae peke yako."

"Hiyo ya tatu inauzwa duka gani, daktari?" Mfufuka aliuliza.

Tabibu alicheka kidogo, akamwita mgonjwa mwingine.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwili ulitulia: mikono ikarudi kushika bisibisi bila kucheza, usingizi ukarudi kwa vipande vipande. Lakini jioni! Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa jioni ni ndefu namna ile. Miaka yote jioni ilikuwa ikipita kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Sasa ilikaa kama mgeni asiyeaga. Alifunga karakana, akazunguka njia ya nyuma asipite kwa Shangazi, akafika chumbani kwake: kitanda, jiko la gesi, redio, kiti kimoja. Kiti kimoja hicho hakuwahi kukiona kuwa ni kimoja mpaka sasa. Mke alikwishaondoka zamani, watoto hawakujaaliwa. Alikunywa chai mpaka sukari ikamchosha. Alisikiliza habari, hali ya hewa, bei za mazao ambayo hakuyalima. Siku moja alijikuta akimjibu msomaji wa habari, "Kwa heri na wewe pia," akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ya kwanza tangu mchana.

Wenzake wa meza hawakumtupa, haki isemwe. Dereva alipita karakanani mara kwa mara. "Umetususa? Umeokoka? Sema tukuletee waumini."

"Niko kwenye dawa," Mfufuka alisema, kwa kuwa dawa huheshimiwa kuliko uamuzi.

"Dawa gani isiyoisha? Ukimaliza dozi uje. Kiti chako hatumkalishi mtu."

Maneno hayo, "kiti chako," yalimchoma pabaya. Alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo.

Basi mchana mmoja Shangazi mwenyewe alipiga simu. Mwanamke huyu mnene mwenye sauti ya kengele hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, na alikuwa shangazi wa wote. "Baba, friji langu kubwa limekufa. Yule fundi mwingine kasafiri. Bia zinachemka kama uji. Njoo, mwanangu."

Mfufuka alitafuta sababu ya kukataa, akakuta sababu moja tu, na hiyo haikuwa ya kumwambia mtu kwa simu. "Nakuja," akasema. Alijiambia kuwa fundi haogopi friji. Tena ilikuwa saa tisa tu, baa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza.

Friji lilikuwa lile refu la milango ya kioo. Ilibidi atoe chupa zote kwanza, moja moja, azipange sakafuni. Vidole vyake vilizijua: shingo hii, kiuno hiki, lebo hii inayobanduka ikilowa. Moja ilimteleza, ikapasuka ukingoni mwa kreti, na bia ikamrukia kifuani na mapajani. Harufu ikapanda. Alipiga magoti pale pale kwa muda, amefumba macho, akipumulia mdomoni. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma. Vumbi na manyoya vilikuwa vimeziba mapezi ya kupozea kama blanketi, feni imekwama, na panya wameguguna waya. Kazi ndogo. Akasugua, akaunga waya, akalainisha feni, akawasha. Kompresa ikaguna, ikakohoa, ikaanza kuvuma sawasawa. Sauti hiyo aliipenda. Kwa kitambo kile hakuwa na kiu wala upweke, alikuwa fundi basi.

Alikuwa akirudisha chupa za mwisho Dereva alipoingia, na nyuma yake Rangi, na nyuma ya Rangi, Mwalimu na mwavuli wake.

"Mnaona ninachokiona?" Dereva alipaza sauti. "Mfufuka kafufuka tena!"

Wakamkumbatia. Hilo ndilo lililomshinda. Tangu aache, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa isipokuwa tabibu alipompima presha. Dereva alimbana kwenye tumbo lake, Rangi akampiga mgongoni, Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Tulikukosa. Au tulikukosea? Yote mawili ni Kiswahili sanifu." Wakamvuta mpaka meza ya pembeni. Na kweli, kiti chake hakikuwa na mtu.

"Dakika mbili tu," alisema. "Soda."

Shangazi akaleta soda na mrija. Rangi alipouona mrija aliinama juu ya meza kwa kicheko. "Mpe na bibu ya mtoto, asichafue shati!" Mfufuka akatoa mrija, akacheka nao. Alicheka kama mtu aliyekuwa amezama, akatoa kichwa juu ya maji. Wakazungumza habari za barabara mbovu, za tajiri aliyempa Rangi kazi ya kupaka nyumba kijani kisha akasema alitaka samawati, za mke wa Mwalimu anayemfichia miwani ili asitoke. Jua la alasiri liliingia dirishani likakaa mezani pamoja nao. Hakuwa amesahau kuwa yeye ni mlevi. Alisahau tu kwamba ni mpweke, na kwa mpweke hilo ni kubwa.

Chupa ya kwanza iliyopoa ilipofika, Dereva alimimina glasi nne. Nne, si tatu. Ya nne akaisukuma taratibu hadi mbele ya Mfufuka.

"Hii si ya kulewa," alisema. "Ya kusalimiana. Umetengeneza friji, onja kama limepoa. Moja tu, kaka. Sisi si watu wa kukuharibia. Ukiona tunakuharibia, tuambie."

Na hakuwa akidanganya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angekuwa adui, Mfufuka angejua la kumjibu. Lakini macho ya Dereva yalikuwa ya mtu anayempa nduguye nafasi pembeni ya moto. Glasi ilitoa jasho. Povu lilishuka polepole, likabaki duara jeupe. Mfufuka aliweka vidole kwenye glasi, kwa ubaridi tu, alijiambia. Moja. Wangapi wanakunywa moja na kwenda nyumbani? Mwalimu wakati mwingine hunywa mbili na kulala. Kwani yeye kaumbwa kwa udongo gani?

Akainua glasi hadi karibu na kidevu.

Wakati huo huo wakaingia vijana wawili wageni, madereva wenzake na Dereva, wakavuta viti. "Huyu ndiye?" mmoja akauliza. "Yule wa kaburini?"

"Ndiye huyu huyu," Rangi akasema kwa fahari. "Mfufuka, wape wageni kisa. Kutoka kwa mwenyewe ni kitamu zaidi."

Mfufuka akaweka glasi chini ili asimulie, maana kisa kile kilihitaji mikono yote miwili. Akaanza kama siku zote: shingo wima, yai kichwani, kamba nishike mimi. Wageni wakaanza kutabasamu. Akafika ukingoni, udongo ukamtoka, akaanguka. Akanyamaza pale pa kunyamaza. Wote walimngoja aseme habari za nafasi yenye mwenyewe.

Maneno hayo hayakuja. Badala yake akajisikia akisema, "Chini kulikuwa na ubaridi mzuri."

Rangi akacheka kidogo, akidhani ni nyongeza mpya.

"Si mzaha," Mfufuka akasema. "Kulikuwa na ubaridi, na kimya. Mnakumbuka mlinitupia kamba nikakawia kuishika? Mlidhani sioni. Niliiona. Nilikuwa nawaza, hapa pazuri, nibaki. Mama yangu anangoja juu ya kamba kwenye jua, mimi nimelala mahali pake nawaza nibaki. Halafu nikamwona mdogo wangu juu ananiangalia. Hakulia. Aliniangalia kama... sijui kama nini."

Mgeni mmoja alitazama viatu vyake. Mwalimu aliondoa miwani akaifuta, akaivaa, akaiondoa tena. Dereva alikohoa.

"Aah, sasa na wewe, kaka," akasema kwa upole. "Mambo hayo ya nini mchana huu? Kunywa, yapite."

Kama angesema neno jingine lolote, huenda Mfufuka angekunywa. Lakini aliitazama glasi, akawatazama na wao, akaona kuwa wangependa sana yapite, na kwamba yakipita yeye atabaki nayo peke yake kama siku zote, ila na kichwa kizito. Akasimama.

"Nina kazi nyingine," akasema. Hakuwa na kazi nyingine.

"Umetukasirikia?"

"Hapana. Wallahi hapana."

Alichukua sanduku la vifaa, akatoka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Alijihisi mwepesi na mtupu, kama nyumba iliyohamwa. Na kwa kuwa moyo mwepesi haushauriani na akili, miguu ilimpeleka moja kwa moja kwa mdogo wake. Alitaka amwambie mtu mmoja duniani kuwa glasi ilifika kidevuni na ikarudi.

Cherehani ilikuwa ikilia ndani. Alibisha, ikanyamaza. Mdogo wake alifungua mlango nusu, futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Akazitoa.

"Kaka."

"Mdogo wangu. Sikai. Nimekuja kukuambia jambo. Nimeacha. Si leo, ni muda sasa. Sinywi tena."

Mdogo wake akamtazama usoni, na kwa kitambo uso wake ukalegea, ukawa ule wa msichana aliyekuwa akimfuata kila mahali akimshika shati. Akasogea. Kisha pua yake ikatikisika. Akashika kola ya ovaroli ya kaka yake, akaivuta, akanusa. Kola, kifua, mapaja: kila mahali bia.

"Imenimwagikia," Mfufuka akasema haraka. "Nilikuwa natengeneza friji, chupa ikapasuka. Kwa Shangazi. Nilikwenda kwa kazi."

Aliposikia maneno yake mwenyewe alijua. Maneno hayo hayo alikuwa ameyasema mara ngapi? Imenimwagikia. Nilikwenda kwa kazi. Ukweli ulikuwa umevaa nguo kuukuu za uongo, nani angeutambua?

Mdogo wake aliachia kola. "Afadhali hata ungekuja umelewa usiseme kitu," akasema. "Nenda, kaka." Mlango ukafungwa bila kubamizwa. Baadaye kidogo cherehani ikaanza tena, ikisita, ikikimbia, ikisita.

Akarudi njia ile ile, na safari hii hakuzunguka kwa nyuma. Kama ni kuitwa mwizi, heri aibe. Kwani harufu si anayo tayari? Hukumu si imeshatoka? Alitembea haraka, mate yamemjaa mdomoni, hadi ukuta wa pembeni wa baa, chini ya dirisha la meza yao. Huko ndani walikuwa wakicheka. Hawakuwa wakimcheka yeye. Rangi alikuwa akisimulia ile ya kijani na samawati, akiiga sauti ya tajiri, na wageni walikuwa wakipiga meza. Mfufuka akachungulia. Kwenye kiti chake alikaa mgeni mmoja, mguu mmoja juu ya mwingine, kastarehe. Asiyekuwepo na lake halipo. Meza ilikuwa imejifunga nyuma yake kama maji yanavyojifunga nyuma ya jiwe.

Alisimama pale kwa muda, mkono ukutani. Hakuona ushindi wowote. Angeweza kuingia, wangemletea kiti kingine kwa shangwe. Alichoona ni kuwa akiingia atakuwa mpweke hapo hapo, katikati yao, na hilo alikuwa amelijua miaka mingi bila kulisema. Akaenda nyumbani. Akaivua ovaroli, akailoweka kwenye beseni, akaisugua mpaka vidole vikanyauka, huku akilia kama mtoto, kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumsikia.

Wiki kadhaa zilipita, za chai na redio. Kisha asubuhi moja mdogo wake akatokea karakanani, mkoba kifuani, akasimama mlangoni kama mteja asiyejua bei.

"Nilikutana na Shangazi kwenye duka la vitambaa," akasema. "Akanilalamikia wewe. Anasema uliacha glasi nzima mezani, hata povu hujagusa, ikabidi amwage. Anasema tangu afungue baa hajaona dharau kama ile."

Mfufuka alikuwa na bisibisi mkononi. Hakujua aiweke wapi.

"Nilikosea siku ile," mdogo wake akaendelea. "Hilo nimekuja kulisema. La makaburini sijakusamehe. Nisikudanganye."

"Usinidanganye," akasema.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Mdogo wake akatazama karakana, friji zilizofunguliwa matumbo, waya, kikombe chenye ukoko wa sukari. "Jumapili uje," akasema, na akaondoka kabla hajajibiwa.

Alikwenda. Shemeji yake, mtu mpole wa benki, alimpokea kwa sauti kubwa kupita kiasi, akamuuliza mara tatu kama maji yanatosha. Watoto walikaa wima kama wako kanisani. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya bei ya umeme. Mdogo wake alimwekea chakula bila kumtazama, akamwongezea bila kumuuliza, na alipokuwa akichukua sahani tupu mkono wake uligusa bega lake kidogo. Huenda ni kwa bahati mbaya. Hakuna aliyecheka hata mara moja. Mfufuka aliona wazi wote walivyokuwa wakimbeba, kwa uangalifu, kama kioo kilichokwisha kupasuka mara moja, na mikono yao imeanza kuchoka. Akaaga mapema.

"Jumapili ijayo?" mdogo wake akauliza akiwa mlangoni, akikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Nitakuja."

"Basi."

Akateremka ngazi. Barabarani watu walikuwa wakipita wawili wawili, watatu watatu, na nguo za kutokea. Ilikuwa alasiri bado. Alifika njia panda akasimama, mikono mfukoni. Hakuwa na kiu. Alikuwa tu na jioni nzima mbele yake, na hakujua watu wasiokunywa huifanyia nini jioni ndefu namna ile. Akangoja gari lipite, akavuka.